Kocha apewe muda gani, na apimwe kwa nini, kabla ya kufungashiwa virago?

Shetani_Mwekundu20

Wakuu, heshima kwenu. Swali hili nawalenga hasa wapinzani, maana sisi wa Manchester United tukikaa wenyewe tunaishia kutukanana.

Tangu Ferguson aondoke Mei 2013 tumeajiri makocha sita wa kudumu, kuanzia Moyes hadi Amorim. Rangnick na makaimu wengine sijawahesabu. Moyes alisaini miaka sita, akadumu miezi kumi. Van Gaal alibeba Kombe la FA Jumamosi, Jumatatu kibarua kikaota nyasi. Ten Hag aliongezewa mkataba Julai 2024 na akatimuliwa Oktoba 28 mwaka huohuo. Yaani hata tukitangaza uvumilivu, hatufiki nao mbali.

Kila kocha akianza kuyumba, ubishi ni uleule. Wa Arsenal wanatuambia tuwe wavumilivu kama wao kwa Arteta. Wa Chelsea wanasema kocha akishindwa Novemba, Desemba asiione. Sitaki ushabiki hapa, nataka vigezo. Mechi ngapi zinatosha kumhukumu mtu? Unaangalia nini zaidi ya matokeo? Kumtimua kunagharimu nini kwa kweli, ukiacha ile fidia inayotangazwa? Na klabu iliyomaliza nafasi ya nane ikisema inataka ubingwa, hilo ni lengo au ni maneno ya kuuzia jezi?

MtutuWaKaskazini

Karibu darasani, Shetani. Watu wanasema "Arsenal walivumilia" kana kwamba mabosi walikaa tu wakiomba dua, kumbe kulikuwa na vitu vya kuhesabika.

Chukua Desemba 2020. Mechi 14, pointi 14, nafasi ya 15, mechi saba za ligi bila ushindi. Kwa kanuni ya jirani yetu wa darajani, Chelsea, Arteta alikuwa mfu. Siku iliyofuata Krismasi Smith Rowe akaanzishwa, Chelsea wakala 3-1. Tulimaliza na pointi 61, nafasi ya nane kwa mara ya pili mfululizo. Ukisoma msimamo peke yake utasema hakuna kilichobadilika. Lakini 61 ukitoa 14 ni 47, na zilipatikana katika mechi 24. Hiyo ni kasi ya pointi 74 kwa msimu mzima, sawa kabisa na zile mlizopata nyie msimu huohuo mkashika nafasi ya pili. Na tuliruhusu mabao 39 tu, timu mbili pekee ziliruhusu machache zaidi. Ukuta ulikuwa umesimama, tatizo lilikuwa kufunga, na tatizo la kufunga unaweza kulisajilia watu.

Sasa vigezo vyenyewe. Achana na mechi tano. Hizo ni kelele: mwamba mmoja, penalti mbili, kadi nyekundu, umekwisha. Chukua mechi 10 hadi 15 na uangalie tofauti ya xG (mabao yanayotarajiwa), yaani ubora wa nafasi mnazotengeneza ukitoa ubora wa mnazoruhusu. Penalti zitoe kwanza. Penalti moja hupewa thamani ya karibu 0.76 hadi 0.79, wakati shuti la mita 25 mara nyingi halifiki 0.05, hivyo penalti tatu tu zinaweza kupaka rangi mwezi mzima wa mpira mbovu.

Kisha sahihisha ratiba. Linganisha kila mechi na mechi ileile ya msimu uliopita: ugenini kwa ugenini, nyumbani kwa nyumbani. Timu zilizoshuka unazibadilisha na zilizopanda. Kwa kawaida bingwa wa daraja la pili anachukua nafasi ya aliyeshuka akiwa wa 18, wa pili anachukua ya 19, aliyepanda kwa mchujo anachukua ya 20. Ukiona kocha "ameporomoka" akiwa na pointi sita kumbe mwaka jana mechi hizohizo zilitoa pointi tano, basi hajaporomoka. Amekutana na wakubwa mapema, hilo tu.

La tatu halina namba moja, ila macho yanaliona. Timu ikipoteza mpira, nani anakimbia, na kuelekea wapi? Mpango ukiwa upo lakini wachezaji ni wabovu, utaona wanakimbilia mahali sahihi na wanachelewa. Mpango ukiwa haupo, wawili wanakabia juu, wa tatu anarudi nyuma, na katikati panabaki uwanja wa kuegesha magari. Wa kwanza mvumilie. Wa pili mpe mkono wa kwaheri.

Na hili huwa mnaliruka: uvumilivu wetu ulikuwa na fagio. Özil aliondoka Januari 2021. Aubameyang alivuliwa unahodha Desemba 2021 na mwezi wa pili akawa Barcelona, bila ada. Dirisha la kiangazi cha 2021 walikuja White, Ødegaard, Ramsdale, Tomiyasu, Tavares na Lokonga, wote walikuwa na miaka 23 au chini yake. Msimu ukaanza kwa vipigo vitatu bila bao hata moja, tukafungwa mabao tisa, na bado hakuna aliyetikisika ofisini. Ukimvumilia kocha bila kumsafishia kikosi, unampotezea muda tu.

Darajani_1905

Mtutu amepanga maneno vizuri. Ameruka kidogo tu kwamba matunda ya darasa hilo yalikuwa nafasi ya pili 2023, nafasi ya pili 2024 na nafasi ya pili 2025. Hongereni kwa medali za fedha.

Sisi Chelsea chini ya mmiliki Abramovich, 2003 hadi 2022, tulibeba ligi mara tano na Ligi ya Mabingwa mara mbili, na hayo mataji mawili ya Ulaya yote yalikuja msimu ambao kocha alitimuliwa katikati. Villas-Boas aliondoka Machi 2012, Di Matteo akabeba Mei. Lampard aliondoka Januari 2021 tukiwa wa tisa, Tuchel akabeba Mei.

Ila nitasema ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusikia. Panga lilifanya kazi kwa sababu aliyekuja aliwakuta watu wa mfumo wake tayari wamo chumbani. Tuchel alitaka 3-4-2-1, yaani mabeki watatu nyuma na wawili wa pembeni wa kupanda na kushuka. Akamkuta James kulia, Chilwell na Alonso kushoto, na Azpilicueta ambaye ni beki wa pembeni anayeweza kusimama kama beki wa kati wa kulia. Hakuhitaji kununua mtu. Conte naye, baada ya kufungwa 3-0 na Arsenal Septemba 2016, alihamia mabeki watatu, akawapa pembeni Moses na Alonso, tukashinda mechi 13 za ligi mfululizo na ubingwa ukaja. Di Matteo alifanya kitu kidogo kuliko wote: Villas-Boas alikuwa anapandisha mstari wa mabeki huku Terry mbio zimekwisha, yeye akaushusha. Basi.

Linganisha na Amorim. Naye ni 3-4-2-1, mfumo uleule wa Tuchel kwenye karatasi. Akakuta kikosi cha 4-2-3-1 (mabeki wanne) chenye mawinga wa kukaa juu, na mabeki wa pembeni wa kupanda na kushuka hawapo. Dorgu alinunuliwa Februari 2025, yaani karibu miezi mitatu baada ya kocha. Ligi: mechi 27, pointi 27. Karatasi ni moja, chumba cha kubadilishia nguo ni tofauti.

Jinsi ya kulipima hilo kabla ya kusaini: andika wachezaji 11 wa mfumo wa kocha mpya, halafu weka alama kwa kila nafasi. Yupo anayecheza hapo kwa asili, yupo anayeweza kujifunza, hayupo. "Hayupo" zikizidi mbili, hujaajiri kocha, umeajiri usajili wa madirisha mawili. Kama una hela na subira hiyo, sawa. Kama huna, tafuta mwingine.

Kosa letu kubwa, nalitoa bure mjifunze. Kiangazi cha 2022 tulinunua kwa ushauri wa Tuchel. Aubameyang, aliyewahi kuwa naye Dortmund, alisaini Septemba 1, siku dirisha linafungwa. Septemba 6 akaanza dhidi ya Dinamo Zagreb, tukafungwa 1-0. Septemba 7 Tuchel akatimuliwa. Yaani mshambuliaji aliletwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo akaondoka baada ya siku sita. Msimu uliishia nafasi ya 12 na pointi 44. Mwenye hamu ya kumtoa kocha amtoe kabla ya dirisha kufunguka, au amwache hadi Januari ikaribie. Wiki moja baada ya dirisha kufungwa ni wakati mbaya kuliko wote, maana anayekuja anabaki na mboga alizozichagua mwingine.

Nottingham Forest walilirudia kosa hilohilo 2025. Nuno akatolewa Septemba 9, dirisha limeshafungwa, akaletwa Postecoglou. Timu iliyozoea kukaa nyuma na kushambulia kwa kushtukiza ikaambiwa ipandishe mstari na ikabie juu. Siku 39, mechi nane, ushindi sifuri.

Shetani_Mwekundu20

Hiyo ya kuweka alama nafasi kwa nafasi naichukua. Tukifanya hivyo kwa Novemba 2024 naona "hayupo" si chini ya tatu.

Lakini Darajani, mechi 27 ni nyingi. Hata kama watu si wake, mbona hakuna kilichojengeka ndani ya muda wote huo? Emery alifika Aston Villa nao wakiwa chini, Novemba vilevile, na alimaliza wa saba.

Jogoo_wa_Anfield

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye kalenda.

Amorim: mechi ya kwanza Novemba 24, 2024, sare ya 1-1 kwa Ipswich. Kuanzia hapo hadi Desemba 30 mlicheza mechi 11 ndani ya siku 37: ligi, Europa, Kombe la Ligi. Sasa ingia uwanja wa mazoezi. Umecheza Alhamisi, Ijumaa walioanza wanarejesha nguvu, hawagusi kitu kizito. Jumamosi ndiyo siku pekee ya kufundisha, na kama Jumapili kuna mechi hata hiyo Jumamosi inakuwa nyepesi: mipira ya kutenga, kupasha misuli, video. Ukibahatika kucheza Jumapili na kisha Alhamisi, unapata Jumanne moja ya maana. Timu inayocheza mara moja kwa wiki inapata siku tatu kamili kati ya mechi na mechi. Kwa hiyo Amorim alifundisha mfumo mpya kwa kama kipindi kimoja cha kweli kwa kila mechi, mara nyingine hata hicho hakikuwepo.

Emery: alianza Novemba 1, 2022. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliwapiga nyie 3-1. Wiki moja baadaye ligi ikasimama kwa ajili ya Kombe la Dunia la Qatar hadi Desemba 26. Wiki sita! Wachezaji wengi wa Villa hawakwenda Qatar. Na Villa hawakuwa na mashindano ya Ulaya msimu ule. Simnyimi sifa yake, ni fundi. Lakini alipata kambi ya maandalizi katikati ya msimu, kitu ambacho kocha wa Novemba kwa kawaida hakipati.

Kwa hiyo unapochagua wakati wa kumtimua mtu, usihesabu siku, hesabu vipindi vya mazoezi. Fungua ratiba, kata siku ya baada ya mechi, kata ya kabla ya mechi, kata wiki za timu za taifa kwa sababu nusu ya kikosi haipo. Zinazobaki ndizo muda halisi wa kocha mpya. Mapumziko ya timu za taifa yanapendwa sana na mabosi kwa kutimua makocha, na yanasaidia kidogo kuliko yanavyoonekana: kocha anafika, wachezaji wake 15 wamesafiri.

Sasa ngoja niwaudhi wote. Mabadiliko mazuri ya kocha ni yale ambayo shabiki hayaoni. Klopp wetu wa Liverpool alitangaza Januari 26, 2024 kwamba anaondoka mwisho wa msimu. Klabu ikapata miezi minne ya kutafuta, na haikutafuta jina, ilitafuta kocha ambaye timu yake inacheza karibu na vile kikosi kilivyozoea. Slot akatoka Feyenoord. Katika dirisha lake la kwanza mchezaji pekee wa uwanjani aliyeletwa na kuanza kutumika alikuwa Chiesa. Tulimtaka Zubimendi kwa namba sita (kiungo mkabaji), akakataa, basi Slot akamrudisha Gravenberch nyuma kidogo akacheza hapo. Ubingwa, pointi 84. Hakuna mapinduzi yoyote, marekebisho ya mita kumi kwa mtu mmoja.

MtutuWaKaskazini

Malizia hadithi, Jogoo. Kiangazi kilichofuata mkanunua Wirtz, Ekitike na Isak, mita kumi zikawa kilomita kumi, na mwezi wa kumi ukiisha mmepoteza mechi nne za ligi mfululizo: Palace, Chelsea, United, Brentford. Kocha yuleyule.

Jogoo_wa_Anfield

Sikatai, na hilo linathibitisha hoja yangu. Unaweza kuvuruga timu bila kubadili kocha.

Lilywhite_Mhasibu

Nimechelewa, lakini naona hakuna aliyegusa hela vizuri. Mimi ni Spurs, kwa hiyo maumivu ya aina zote ninayafahamu, cheka uendelee.

Gharama inayotangazwa ndiyo ndogo kuliko zote. Hesabu za United zilionyesha pauni milioni 10.4 kwa kumtoa Ten Hag na wasaidizi wake, na milioni 4.1 kwa Ashworth, mkurugenzi wa michezo aliyedumu miezi mitano. Jumla 14.5. Ongeza fidia kwa Sporting, alikotoka Amorim: euro milioni 10 za kipengele cha kuvunja mkataba, na milioni moja juu yake ili asisubiri siku 30 za notisi. Kwa klabu ya ukubwa huo hiyo yote ni bei ya beki mmoja wa akiba.

Hela halisi inapotelea kwenye vitabu vya wachezaji. Angalia hapa kwa karibu. Kocha A anamtaka winga, mnamnunua pauni milioni 60, mkataba wa miaka mitano. Kihasibu mnaandika gharama ya milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka miwili kocha A anafukuzwa, kocha B hatumii mawinga. Thamani ya vitabuni ni milioni 36. Soko linajua mnamtaka aondoke, kwa hiyo mnapewa 25. Hasara ya milioni 11 inaingia mwaka huohuo, yote kwa mkupuo. Mkikataa na kumtoa kwa mkopo, milioni 12 zinaendelea kuandikwa kila mwaka kwa mtu anayefungia klabu nyingine, na mara nyingi mnalipa na sehemu ya mshahara. Fanya hivyo kwa wachezaji wanne na umepoteza uwezo wa kusajili wawili wazuri. Antony alitoka Ajax kuja kwenu 2022 kwa euro milioni 95 bila nyongeza, kwa kuwa kocha Ten Hag alimjua. Kocha alipoondoka, winga akaenda Betis kwa mkopo, kisha 2025 akauzwa hukohuko kwa sehemu ndogo ya bei ile.

Ndiyo maana mnaona vijana wa akademi wanauzwa. Aliyekulia kwenu thamani yake vitabuni ni sifuri, hivyo kila pauni ni faida. McTominay kwenda Napoli, Mount kutoka Chelsea kuja kwenu, hesabu ni hiyohiyo. Makosa ya makocha yanalipwa na watoto wa nyumbani.

Na ukuta wa sheria upo. UEFA inataka mishahara ya wachezaji na kocha, malipo ya mawakala na hizo gharama za kila mwaka za usajili, vyote visizidi asilimia 70 ya mapato pamoja na faida ya mauzo ya wachezaji. Klabu ya mapato ya milioni 600 ina 420 za kuchezea, na zile 12 za winga asiyechezeshwa zinatoka humohumo. Tangu 2023 kurefusha mkataba hadi miaka minane hakusaidii tena, gharama inagawanywa kwa miaka mitano tu hata kama kasaini kumi. Kwa sheria za England zilizoruhusu hasara ya milioni 105 kwa miaka mitatu, Everton walikatwa pointi 10, rufaa ikarudisha nne, kisha wakakatwa mbili nyingine. Forest wakakatwa nne. Hakuna aliyekuwa anatania.

Sasa lile swali lako la malengo. Kipimo cha haraka cha lengo la kweli ni nafasi yenu kwenye orodha ya mishahara. Kwa muda mrefu, nafasi ya mishahara na nafasi ya ligi hutembea pamoja. Leicester ya 2016 inakumbukwa kwa sababu ilivunja hilo, na miezi tisa baada ya ubingwa Ranieri akatimuliwa huku wakichungulia kushuka. Kama mnalipa mishahara ya timu ya tatu na mko wa nane, una hoja dhidi ya kocha, au dhidi ya waliosajili. Mkilipa ya saba na mko wa nane, kocha yuko mahali pake, na anayesema "ubingwa" anauza jezi.

Darajani_1905

Mhasibu umemaliza kila kitu ila umekwepa la kwenu. Postecoglou akiwa kwenu Spurs alikuwa na malengo gani?

Lilywhite_Mhasibu

Hapo panauma, lakini ni mfano mzuri. Mei 21, 2025 Bilbao, 1-0 dhidi ya hao hao mashetani, taji la Ulaya na tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Ligi: nafasi ya 17, pointi 38, vipigo 22. Siku 16 baadaye akaondoka.

Nilikubaliana na uamuzi ule na bado nakubaliana nao. Ligi ya Europa ni mechi 15 hivi, na alipofika raundi za mwisho timu ilikuwa inakaa nyuma na kulinda, si ule mpira wake wa kila siku. Ligi ni 38. Ukitaka kujua kocha atafanya nini msimu ujao, sampuli ya 38 inakuambia zaidi. Ila klabu iseme mapema inapima nini. Ukimwambia kocha "leta kombe", akaleta, halafu ukamfukuza kwa ligi, kocha anayefuata hatakuamini na wakala wake atadai kipengele kinene cha fidia.

Shetani_Mwekundu20

Nimeelewa mengi. Limebaki moja. Kocha wa muda akishinda mechi nne za kwanza, presha ya kumpa kazi inakuwa kubwa mno. Sisi tulishafanya hivyo kwa Solskjær, Desemba alikuja kushikilia, Machi 2019 akapewa mkataba. Zile mechi za mwanzo zina uzito gani?

MtutuWaKaskazini

Mdogo. Kocha hutimuliwa timu ikiwa kwenye shimo, na shimo huwa na sehemu ya bahati mbaya: mipira inagonga miamba, kipa wa wapinzani anadaka kila kitu. Bahati hiyo ingejirekebisha hata ungemweka mpishi benchi. Mchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, aliichambua ligi ya kwao ya 1986 hadi 2004. Alizilinganisha klabu zilizotimua na zile zilizoporomoka vivyo hivyo zikabaki na kocha wao, na hakuona kwamba kutimua kuliboresha matokeo. Zilizobaki na kocha nazo zilipanda.

Kwa hiyo kwa kocha wa muda rudi kwenye xG bila penalti. Mechi nane angalau. Matokeo yakiwa mazuri na nafasi mnazoruhusu ni zilezile, usisaini kitu.

Jogoo_wa_Anfield

Naongeza: mpe mkataba mwezi wa tano, si wa tatu. Machi hakuna klabu nyingine inayomgombania kaimu wako, kwa hiyo haraka hiyo huwa ni ya makelele ya jukwaani. Mkisubiri mnapata mechi tisa kumi za ziada za kumpima, tena za mwisho wa msimu ambapo miguu imechoka. Ninyi mlisaini Machi, na Mei mkamaliza wa sita.

Shetani_Mwekundu20

Wa sita, ndiyo. Na mechi ya mwisho nyumbani tukafungwa 2-0 na Cardiff iliyokwisha kushuka. Nakumbuka, usinikumbushe tena.